Dakika Kumi Tulizowaficha Majaji

Kama umewahi kumkabidhi mtu filamu yako huku mkono wako bado umeing'ang'ania flashi, kaa hapa tuongee. Wewe ni mwanangu kabisa. Nimewaona wengi wenu. Mnafika hapa na begi la kompyuta mmelikumbatia kifuani, mnakaa kwenye ncha ya kiti, na nikiwaambia "haya, niwekee niione," mnaniuliza kwanza kama kompyuta yangu imeunganishwa na intaneti. Zamani ningewasifu. Siku hizi nacheka mpaka machozi, kwa sababu ugonjwa huo nimeugua mimi miaka mingi, nikawaambukiza wengine, na nusura umnyime binti wa watu tuzo ya maisha yake.

Mimi ni Mama Limi wa Kambarage, hapa Shinyanga mjini. Nimekata na kuunga picha zaidi ya miaka ishirini, mpaka macho yaliponiambia basi. Nilianza na harusi, vipaimara na mazishi, kisha nikaingia kwenye filamu za waigizaji wetu wa huku kanda ya ziwa. Wenzangu walikuwa wanaume watupu. Siku ya kwanza waliponiona nimekaa mbele ya kompyuta na kitenge changu, mmoja akaniuliza kama nimekuja kupiga deki. Nikamwambia ndiyo, nimekuja kupiga deki makosa yenu. Hatukuelewana mwezi mzima, halafu akaanza kuniletea kazi zake kwa siri.

Ugonjwa wenyewe niliupatia Tinde. Tulikuwa tunasafiri na shemeji yangu, gari likapata pancha, nikashuka kutafuta michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutafuna wakati wanabadilisha tairi. Napita nyuma ya kibanda umiza, vile vibanda vya mabati vya kuonyeshea video, nikasikia sauti ya mwigizaji wangu mkuu. Nikasimama. Nikadhani ni jua. Filamu ile ilikuwa haijatoka, wanangu! Nilikuwa nimemaliza kuikata majuma mawili tu nyuma, na mwenyewe alikuwa bado anatafuta msambazaji.

Nikaingia. Watu wamejaa mpaka mlangoni, na kwenye runinga ni kazi yangu. Kilichoniuma zaidi ya wizi wenyewe ni kwamba waliiba nakala mbovu! Ile ambayo mbwa wa jirani anabweka katikati ya maneno ya mapenzi, na mimi nilikuwa nimeshamtoa yule mbwa kwa siku tatu za jasho. Nikakaa kwenye benchi na hasira zangu. Halafu ikafika ile sehemu ya mjomba mlevi anayemsalimia ng'ombe shikamoo, sehemu ambayo mwenye filamu alitaka niitupe na mimi nikakataa, na kibanda kizima kikaangua kicheko. Mzee mmoja pembeni yangu alicheka mpaka akanishika bega. Sijui niwaeleze vipi. Nilikuwa nataka kulia na nilikuwa na furaha ambayo sijaipata hata kwenye harusi yangu. Ila nilipofika nyumbani furaha ilikuwa imeyeyuka, ikabaki hasira peke yake.

Wahenga walisema ukiumwa na nyoka, hata ukiona ung'ongo unashtuka. Tangu siku hiyo nikawa nashtuka kila saa. Kompyuta yangu ikawa mtawa: haitoki, haizungumzi na mtu, haijui intaneti ni nini. Kila filamu niliipa jina la uongo, ili mwizi akipekua asiitamani. Jina nililolipenda ni "Mahubiri ya Pasaka". Likanitokea puani. Mwalimu wa kwaya alikuja kuniomba mahubiri ya kweli niliyorekodi kanisani kwao, nami kwa haraka zangu nikamwekea faili, akaenda nalo. Kwaya nzima ikakaa kutazama neno la Mungu, akatokea mganga mwenye ngozi ya chui anachinja jogoo mweusi. Walinitenga mwezi mzima. Mwalimu wa kwaya mwenyewe, lakini, alirudi akaniuliza pembeni yule mganga mwishowe alikamatwa au alitoroka.

Na hapo ndipo ulipo mzizi wa mambo: mwisho. Niligundua kwamba mtu akishaonja filamu hatulii mpaka ajue mwisho wake. Basi nikaanzisha mtindo, na karibu wote tuliofanya kazi hii Shinyanga na Geita tukaufuata. Tuliuita kubakiza mkia. Kabla filamu haijatoka mkononi mwangu kwenda kwa mtu yeyote, awe msambazaji, awe mwenye ukumbi, awe mjomba wa mwenye filamu, nakata dakika kumi za mwisho. Mwili unaenda, mkia unabaki. Na mkia haukai nyumba moja na mwili. Mwenye filamu anauchukua kwenye flashi, anakwenda kuuhifadhi kwa mtu anayemwamini, na mimi naufuta kwenye kompyuta yangu akiniangalia kwa macho yake, ili akilala alale.

Ilifanya kazi, msicheke! Wasambazaji walikuwa wakinipigia simu wakihema. "Mama Limi, yule bwana alikufa au hakufa?" Namjibu, "Njoo tusainiane mkataba, utajua." Wezi nao wakisambaza mwili bila mkia, watu walirudisha flashi madukani kwa matusi.

Mtu mmoja tu hakuupenda mtindo ule, naye ni mwalimu wangu, Mzee Masanja, Mungu amrehemu. Ujana wake wote aliendesha mashine ya sinema kule Mwadui, akiwaonyesha picha wafanyakazi wa mgodi wa almasi. Kompyuta hakuijua hata kuiwasha, lakini alinifundisha kukata kuliko kozi yoyote. Alikuwa akikaa nyuma yangu na kuniambia, akiniita mama kwa Kisukuma, "Mayu, usiangalie picha, waangalie watu. Mtu asiye na kikohozi akianza kukohoa, hapo pamelegea. Kata." Mpaka leo nikitaka kujua kama filamu inatembea, nawaita majirani watano, nawaonyesha, mimi nimeipa runinga mgongo. Nahesabu vikohozi. Jaribuni.

Nilipomweleza habari za mkia, alitikisa kichwa. "Kule Mwadui ukitoka kazini unapekuliwa mpaka kwenye visigino," akasema. "Sawa, almasi lazima ilindwe. Lakini umewahi kusikia almasi iliyopata bei bila kuonekana na mnunuzi?" Nikamwambia Mzee, zama zenu zilikuwa za magurudumu ya filamu, mwizi angeyabeba na punda. Akacheka, tukayaacha. Nilidhani nimemshinda.

Sasa nije kwa Zaituni, maana ndiye aliyenitoa kwenye kustaafu.

Zaituni ni binti wa Katoro, kule Geita. Mama yake alitoka Kigoma akiwa kijana kufuata habari za dhahabu, akaishia kuponda mawe. Mnawajua wale akina mama wanaokaa pembeni ya maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, nyundo mkononi, wakiponda na kuchambua mawe ya watu. Pale alipokuwa yeye, makubaliano yao ni kwamba katika kila ndoo tatu za mawe, mbili ni za mwenye duara, ndoo ya tatu ni ya mponda mawe. Anaipeleka kwenye karasha, ile mashine ya kusaga, kisha anaosha, na huenda akapata, huenda asipate. Zaituni alitengeneza filamu kuhusu siku moja ya mwanamke wa namna hiyo. Akaiita "Ndoo ya Tatu". Na mwigizaji mkuu alikuwa mama yake mwenyewe, Mama Zaituni, ambaye hajawahi kuigiza hata kwenye ubatizo wa jirani.

Alikuja kwangu na picha alizopiga kwa simu na kamera ya kuazima. "Shikamoo, Mama Limi."

"Marahaba, ng'wanone, mwanangu. Nimeshaacha kazi."

"Najua, mama. Angalia dakika tano tu."

Niliangalia kwa saa mbili nzima. Sauti ilikuwa majanga, karasha linanguruma juu ya kila neno. Nikamfundisha kitu ninachowapa na ninyi bure: chukua waigizaji, waingize kwenye chumba chenye magodoro ukutani, warudie maneno yao wakiwa wamevaa vipokea sauti vya masikioni, kisha lile karasha liweke chini kabisa, lisikike kama liko nyumba ya tatu. Tulikata kwa miezi miwili. Macho yaliniuma, nikawa nayawekea kitambaa cha maji baridi mchana na kuendelea. Niliona tangu siku ya kwanza kwamba hii ndiyo filamu niliyokuwa naisubiri maisha yangu yote, na nilimwambia hivyo.

Mwisho wa filamu, sikilizeni, ndio uliokuwa roho yake. Mama anaosha ndoo yake ya tatu, na hakuna kitu. Hata chembe. Tumekaa naye siku nzima, mgongo unatuuma kwa niaba yake. Anaangalia karai. Halafu mvua inaanza, wenzake wote wanakimbia, na yeye anabaki pale pale, na anacheka. Siyo cheko la kuigiza. Zaituni hakumwambia acheke, mvua yenyewe haikuwa kwenye hadithi. Anacheka kwa sauti, kichwa nyuma, kwa muda mrefu sana, na wewe unayemtazama unaanza kucheka bila kujua kwa nini, kisha unajikuta unalia.

Hilo ndilo nililolikata.

Ilikuwa hivi. Kulikuwa na tamasha la filamu Dar es Salaam lenye tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji. Filamu ya kwanza ni moja tu katika maisha, na tuzo ile ilitaka iwe ya mwaka huo huo. Ukikosa, umekosa milele. Atakayeshinda, filamu yake inapelekwa kuonyeshwa mikoani na nje ya nchi. Zaituni alikuwa amewaahidi akina mama wote wa pale mawe kwamba wataonekana mpaka wasikokujua. Lakini sharti mojawapo lilisema filamu ikionekana imeshasambaa mitaani kabla ya tamasha, inaondolewa. Zaituni akaja nalo kwangu limemtoa jasho. "Mama Limi, nikiwatumia majaji kwa mtandao na ikavuja, nimekwisha. Wezi wakiipata Katoro leo, kesho iko kwenye kila simu mpaka Chato."

Na mimi, mtaalamu, gwiji, bibi wa hofu, nikamwambia atulie. Nikaweka chapa ya maandishi meupe katikati ya picha, makubwa kama ya basi, "NAKALA YA MAJAJI, SI YA KUUZWA", yakipita usoni mwa mama yake kutoka kushoto kwenda kulia. Kisha nikakata mkia. Nilimwambia, "Majaji ni watu kama msambazaji. Tuwaonjeshe. Wakinogewa watapiga simu kuuliza mwisho, hapo ndipo tutawapa." Tukautuma mwili. Mkia Zaituni akaupeleka Katoro, akamkabidhi mama yake kwenye flashi iliyofungwa ndani ya kitambaa, nao ukalala kwenye chungu cha mchele. Kwangu nikafuta, akiniangalia.

Kweli, simu ilipigwa. Alhamisi saa nne asubuhi, Zaituni yuko kwangu tunakunywa uji. Mama mmoja mpole wa tamasha. Zaituni akaweka sauti ya nje.

"Dada Zaituni, majaji wameipenda sana kazi yako," akasema, na mimi nikampiga Zaituni kofi la goti kwa furaha, unaona? Kisha akaendelea: "Ila wanauliza kama haijaisha. Inakatika mama akiwa ameinamia karai. Filamu ambayo haijakamilika hatuwezi kuiingiza kwenye tuzo. Na kuna maandishi usoni, hawamwoni vizuri. Kama ipo kamili, itume leo kabla ya saa kumi jioni. Wanakaa kuchagua kesho."

Zaituni akanitazama. Majaji hawakuwa wamenogewa na kutaka mwisho, wanangu. Waliona filamu ya mwanamke aliyeteseka siku nzima, halafu giza. Walidhani hatukujua kumaliza. Nilijisikia aibu mpaka kwenye kucha, na nikamwambia, "Kosa ni langu, siyo lako. Mpigie mama yako sasa hivi."

Mama Zaituni alikuwa kwenye mawe. Akaacha nyundo, akakimbia nyumbani, akakuta flashi salama kwenye mchele. Sasa dakika zile kumi zitafikaje Kambarage? Barabara isingetuwahisha. Ilibidi ziingie kwenye kompyuta yenye intaneti ya maana, na jirani na mama yake palikuwa na moja tu. Zaituni alipoitaja nilishika kichwa. Ilikuwa ya Shabani.

Shabani alikuwa na laibrari. Siyo ya vitabu. Duka la kukuwekea filamu kwenye flashi na simu, za Kihindi, za Kikorea, za kwetu, zote bila idhini ya mtu. Ndiye tuliyekuwa tunamkimbia! Filamu zangu ngapi alishazigawa yule kijana kama pipi za sikukuu! Zaituni akasema, "Hapana. Bora nikose tuzo." Ndipo mama yake, ambaye bado alikuwa hewani akisikiliza, akasema kwa kile Kiswahili chake cha Kigoma kilichonyooka, "Zaituni, mficha uchi hazai. Nakwenda."

Akaenda. Akaniweka mimi kwenye simu, sauti ya nje, juu ya meza ya Shabani. Nasikia kila kitu.

"Shikamoo mama. Karibu, nikuwekee tamthilia?"

"Marahaba. Sitaki tamthilia. Chukua hii, mtumie Mama Limi wa Shinyanga sasa hivi. Na nitakuwa nimesimama hapa."

"Mama Limi yule mkata picha?" Nikasikia kiti kinasogezwa nyuma. "Huyo si atanifunga?"

"Sitakufunga leo," nikasema kutoka kwenye simu, na nikamsikia akidondosha kitu. "Tuma kwanza. Saa zinakimbia."

Akafungua faili kuhakikisha ni zima. Ikasikika mvua, na lile cheko. Mama Zaituni akaniambia baadaye kwamba aliigeuzia kompyuta mgongo, akasimama anaangalia barabarani. Alisema yeye ataangalia filamu yake ikiwa nzima, siyo kwa kuanzia nyuma kama mtu anayechuna ng'ombe kutoka mkiani. Lakini Shabani aliangalia.

"Mama Limi," akasema, "hii mbona ni mwisho mtupu? Mwanzo uko wapi?"

"Hupewi."

"Sasa mwisho mtupu nitamuuzia nani?"

"Umeona, ee? Ndiyo maana nimekupa."

Akacheka, mwizi yule. Kisha nikasikia anamgeukia mama. "Lakini mama, si ni wewe huyu? Ulikuwa unacheka nini hapa?"

"Muulize mwanangu."

"Mama, usinifanyie hivyo. Karai halina kitu, mvua inanyesha, unacheka nini? Niambieni basi! Nitalalaje mimi?"

Wanangu, miaka yote ile nilitamani siku moja nimkamate mwizi wa filamu nimtese. Sikujua kwamba nitamtesa kwa kumpa mwisho na kumnyima mwanzo. Zaituni, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akacheka na yeye.

Mkia ukatufikia saa saba, kwa intaneti ya simu ya Zaituni. Nikaunga, nikaipangusa ile chapa yangu ya kijinga usoni mwa mama. Badala yake nikaweka maandishi madogo, kona ya chini, jina la tamasha tulilolipelekea filamu, basi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: ikivuja unajua imevujia wapi, na hakuna anayesumbuka kuitazama. Kompyuta ikaanza kuipika filamu nzima, yaani kuigeuza iwe faili moja. Imefika katikati, umeme ukakatika.

Nilipiga yowe, na mwenye saluni wa jirani akatoka na mteja wake ana povu kichwani. Yeye alikuwa na jenereta. "Mama Limi, kuna msiba?" Nikamwambia upo njiani. Tukavuta waya kupitia dirishani, mteja mwenyewe akishika upande mmoja huku povu likimtiririka shingoni. Tukaanza upya. Saa tisa ikaiva. Zaituni akaitia mtandaoni, akaweka neno la siri, kiungo akakituma kwa barua pepe na neno la siri kwa simu, kila kimoja njia yake. Tukakaa watatu na yule mwenye saluni tunaangalia ule mstari ukitambaa. Hakuna filamu ya mapigano iliyowahi kunisisimua hivyo! Ulipogota mwisho ilikuwa imebaki robo saa. Yule mama mpole akajibu neno moja: "Imefika." Tulirukaruka mpaka mteja akatuomba asuuzwe.

Walituchagua. Walituita Dar.

Ukumbini nilikaa na Zaituni mstari wa nne. Watu wageni watupu, wamevaa vizuri, wengine hawajawahi kuona duara la dhahabu hata kwenye picha. Nikafanya kama Mzee Masanja alivyonifundisha, nikawaangalia wao. Sikusikia kikohozi. Ikafika mama anainamia karai, na mimi, mtu mzima na akili zangu, nikasimama kutoka. Miguu ilisimama yenyewe. Kwa miaka yote ile, mbele ya watu wengine, filamu zangu ziliishia hapo hapo.

Zaituni akanivuta kitenge. "Mama, kaa. Bado."

Nikakaa. Mvua ikaanza. Nikaona nyuso za wale wageni zinafunguka moja moja, mwanamke mbele yangu akaziba mdomo, kisha ukumbi mzima ukacheka pamoja na mama yule wa Katoro, na kwenye lile cheko nikasikia watu wanavuta kamasi. Niliona haya kuwaza ni watu wangapi niliwanyima kitu kama hicho, na ni wenye filamu wangapi waliokosa kukiona. Mzee Masanja alikuwa sahihi, na mimi nilimcheka.

Tuzo ya filamu ya kwanza ilipotajwa, Zaituni hakusikia jina lake. Ilibidi nimsukume. Alipanda jukwaani bila kiatu kimoja, na akasema, "Hii ni ya akina mama wa pale mawe," akashuka kukitafuta kiatu.

Sisemi mlale milango wazi. Sajilini kazi zenu kwenye ofisi ya hakimiliki kabla hamjamwonyesha mtu, wekeni nakala tatu kwenye nyumba tatu, zisomeni sheria za tamasha mpaka mstari wa mwisho. Wezi wapo, na "Ndoo ya Tatu" nayo iliibwa baadaye, tena haraka. Lakini jaji mpeni filamu nzima. Kama humwamini, usimpelekee kabisa.

Kabla haijaanza safari za mikoani, tuliipeleka Katoro, Jumapili mchana, kwenye kibanda cha mabati karibu na makarasha. Aliyeendesha mashine ni Shabani. Aliomba mwenyewe, akafika mapema kuliko wote, akakaa chini kabisa mbele, maana alikuwa bado hajaujua mwanzo. Akina mama walikuja na vumbi lao la mawe, wakabanana kwenye mabenchi, wengine na watoto mgongoni. Mama Zaituni nilikaa naye benchi la mbele. Alitazama filamu nzima mikono imefungwa mapajani, wakati wenzake wanapiga kelele kila mmoja alipojiona. Cheko lilipokwisha na maandishi kuanza kupanda, kibanda kililipuka kwa vigelegele, yeye akabaki anaangalia runinga.

Kisha akamwinamia Shabani. "Baba, rudisha hapo ninapocheka."

"Nirudishe kidogo, mama?"

"Rudisha. Nilikuwa sijawahi kujiona nikicheka."

Shabani akanitazama mimi, kana kwamba ruhusa ilikuwa yangu. Nikamwambia arudishe, na asiache kurudisha mpaka mama mwenyewe aseme basi.